Bedilaina ya pikapu: muuzaji rasmi au gereji ya nje? Jua unacholipia kabla ya kuweka PIN

Panda nyuma ya pikapu yoyote iliyofanya kazi Lokichoggio kwa mwaka mmoja, uangalie chini. Rangi ya kiwandani imekwaruzwa na madumu ya maji, mawe ya ujenzi, magunia ya makaa na kwato za mbuzi. Penye mkwaruzo kuna doa la rangi ya udongo. Hilo ni kutu, na kutu haina likizo. Ukiiacha inakula bati polepole, na siku ya kuuza gari mnunuzi atainama, aangalie hapo hapo, kisha akate bei.

Ndiyo maana wenye pikapu wengi wanataka kupuliziwa bedilaina, ule utando mgumu mweusi wenye chembechembe unaofunika sakafu na kuta za bodi ya nyuma. Swali linalofuata ni nani apulize. Je, ni muuzaji rasmi aliyekuuzia gari, au gereji ya nje yenye bei poa?

Sisi kazi yetu ni malipo, hatupulizi magari. Lakini hii ni pesa nyingi kutoka kwa simu yako kwa mkupuo mmoja, na kuna jambo ambalo wateja huligundua wakiwa wamechelewa: kurudisha muamala ni kwa pesa iliyotumwa kimakosa, si kwa kazi iliyoharibika. Laina ikibanduka baada ya miezi mitatu, hatuwezi kubonyeza kitufe tukurudishie pesa. Kwa hivyo ulinzi wako mkubwa uko kabla ya kulipa. Tuanze hapo.

Bedilaina ya kupuliza ni nini hasa?

Ni plastiki ya maji inayotengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili, kisha inapulizwa juu ya bati na kuganda hapo hapo. Kuna aina mbili utakazosikia zikitajwa.

- Poliyurethani. Huganda polepole zaidi. Inaweza kupulizwa kwa mashine ndogo, na hata kuna vifurushi vya chupa ambavyo fundi wa kawaida mwenye kompresa anaweza kutumia. Unyevu wakati wa kupuliza huiharibu.
- Poliyurea. Huganda kwa sekunde chache. Inahitaji mashine kubwa inayopasha kemikali moto na kuzisukuma kwa presha ya juu, kwa hivyo utaipata kwenye gereji kubwa za mijini.

Unene pia hutofautiana sana. Kazi ya gereji yenye mashine kubwa huwa na unene wa karibu milimita 3 kwenye sakafu. Kazi ya kifurushi cha chupa mara nyingi haifiki milimita 1. Zote mbili ukiziona kwa mbali ni nyeusi na zina chembechembe. Ndiyo maana bei mbili zinaweza kupishana sana, na kila muuzaji akawa anasema ukweli wake.

Usichanganye hii na ile ya plastiki ngumu inayotumbukizwa tu kwenye bodi. Hiyo ya kutumbukiza hutikisika gari likienda, na mchanga na maji huingia chini yake. Mchanga unafanya kazi ya msasa na maji yanamalizia. Ukiitoa baada ya miaka miwili unaweza kukuta kutu ambayo hukujua ipo. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "gari linakuja na bedilaina", uliza swali moja: ni ya kupuliza au ya kutumbukiza?

Kwa nini Loki si Nairobi

Ushauri mwingi kuhusu laina umeandikwa kwa watu wanaobeba baiskeli na masanduku. Huku kwetu mzigo ni mwingine.

Kuna jua. Mchana wa Turkana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na pikapu nyingi hazina kivuli. Laina ya kawaida nyeusi hupauka na kuwa kijivu kwa sababu ya jua. Kupauka peke yake hakumaanishi imekufa, lakini ukitaka ibaki nyeusi, uliza kama kuna tabaka la juu la kuzuia jua na kama liko ndani ya bei uliyopewa.

Kuna chumvi. Ukibeba samaki wa chumvi kutoka Kalokol, maji yanayodondoka huingia kila penye mkwaruzo. Mkojo wa mbuzi nao unafanya kazi hiyo hiyo. Laina nzuri inazuia yote mawili, mradi haina tundu.

Kuna mchanga. Gari linalovuka laga kila siku linabeba mchanga kila pembe. Laina iliyopulizwa juu ya vumbi haishiki.

Na kuna mifugo. Mbuzi wanateleza kwenye plastiki laini, hasa ikilowa. Laina ya chembechembe inawapa pa kukanyaga. Lakini chembechembe kali sana hutoboa magunia ya unga na kuchubua magoti ya kijana anayepakua. Mwambie fundi unabeba nini, akupunguzie ukali.

Kwa muuzaji rasmi

Faida yake kubwa ni wakati. Gari ni jipya, bati halina kutu, na kazi inafanyika kabla hujabeba hata gunia moja. Bei inaweza kuingia kwenye ankara ya gari, na kama unanunua kwa mkopo wa benki, inaweza kuingia humo. Dhamana unaidai pale pale uliponunua gari.

Lakini uliza mambo matatu:

1. Nani hasa anapuliza? Wakati mwingine muuzaji hupeleka gari kwa gereji ya nje, halafu anaongeza faida yake. Si kosa, ila unafaa kujua unalipia nini. Unaweza kukuta gereji uliyokuwa unaiogopa ndiyo inayomfanyia kazi.
2. Dhamana ni ya nani? Ya muuzaji, ya gereji, au ya aliyetengeneza kemikali? Laina ikibanduka, nani anashika simu?
3. Nikipuliza nje, dhamana ya kutu itaguswa? Kupuliza laina kunahitaji kukwaruza rangi ya kiwandani kwanza. Baadhi ya dhamana za bodi hazipendi hilo. Jibu la mdomo halitoshi, omba liandikwe.

Kwa gereji ya nje

Hapa mara nyingi bei ni nafuu, na unaongea na fundi mwenyewe. Unaweza kuchagua unene, ukali wa chembechembe na mahali pa kufika: sakafu peke yake, kuta, mlango wa nyuma, au hadi juu ya kingo. Gereji inayopuliza laina kila siku inaweza kuwa na mkono mzuri kuliko muuzaji anayefanya mara chache.

Hatari yake ni kwamba yeyote mwenye kompresa anaweza kujiita mtaalamu. Ukifika, angalia haya:

- Wana sehemu iliyofunikwa isiyo na vumbi, au wanapulizia barabarani?
- Wanavaa maski yenye hewa safi? Kemikali hizi zina isosayaneti, ambayo inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Fundi anayejifunga kitambaa puani hajui anachoshika, na hatajua mengine pia. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kazi ifanyike kwenye boma lako watoto wakiwa karibu.
- Wanakuonyesha gari walilopuliza mwaka mmoja au miwili iliyopita? Kazi ya jana kila mtu ni bingwa. Kazi ya miaka miwili ndiyo inasema ukweli.

Piga hesabu ya njia, si ya bei peke yake

Tuchukue namba za mfano. Hizi si bei za soko, ni za kutusaidia kuhesabu. Tuseme muuzaji rasmi anataka Sh80,000 na gereji ya nje inataka Sh50,000. Tofauti ni Sh30,000. Wengi wangeishia hapo.

Sasa ongeza njia. Kutoka Lokichoggio hadi Kitale ni takriban kilomita 500, ukipitia Kakuma na Lodwar. Kwenda na kurudi ni 1,000. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakunywa lita 100. Zidisha na bei ya pampu ambayo EPRA hutangaza kila mwezi. Tukisema Sh200 kwa lita kwa ajili ya hesabu, hiyo ni Sh20,000 kabla ya chakula, mahali pa kulala na siku ambazo gari halikuingiza kitu. Kama ni Eldoret, ongeza kama kilomita 70 kila upande.

Maana yake? Safari moja tu ya kudai dhamana inakula sehemu kubwa ya ile tofauti. Na hii ni kwa wote wawili. Dhamana ya miaka mitano iliyo umbali wa kilomita 500 ni nzuri kwenye karatasi, lakini ukihesabu mafuta, utaiacha tu laina ibanduke. Kwa mtu wa Loki, dhamana bora ni kazi ambayo haitahitaji dhamana.

Hivyo:

- Kama unaenda kuchukua gari jipya mjini, linganisha muuzaji rasmi na gereji ya nje ukiwa huko huko, kabla hujaelekea kaskazini. Safari ni moja.
- Kama gari liko Loki tayari, subiri safari uliyokuwa uende hata hivyo, ya sevisi au ya kuchukua bidhaa. Usifunge safari ya laina peke yake.
- Uliza kuhusu viraka. Laina ya kupuliza inaweza kuzibwa mahali ilipochanika. Je, wanakuuzia kifurushi kidogo cha kuzibia uondoke nacho? Kinaweza kukuokolea ile safari ya lita 100.

Siri iko chini: lipa kwa hatua

Hapa ndipo pa maana kuliko pote. Laina nyingi zikibanduka, sababu ni bati halikuandaliwa. Fundi mzuri hufungua ndoano na boliti, huosha mafuta, hupiga msasa sakafu yote hadi mng'ao wa rangi uishe, hutoa kutu hadi bati safi, hupaka praima penye bati tupu, na huziba kingo kwa tepu. Kupuliza kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Maandalizi ndiyo yanayochukua saa nyingi.

Na maandalizi yakishafunikwa, hakuna anayeyaona tena. Laina iliyopulizwa juu ya kutu na iliyopulizwa juu ya bati safi zinafanana kabisa siku ya kwanza. Ukilipa yote asubuhi, unalipia kitu ambacho hutaweza kukikagua jioni.

Kwa hivyo gawa malipo mara tatu, na mkubaliane kabla gari halijaingia gereji:

1. Deposit. Ya kununua vifaa na kushika nafasi, kama theluthi moja. Isizidi kiasi ambacho ungeweza kuvumilia kukipoteza.
2. Malipo ya pili, sakafu ikiwa tupu. Usilipe hadi uone bati limepigwa msasa, halina kutu na halina vumbi. Ikiwa umeacha gari na hauko hapo, omba video fundi akipitisha mkono kwenye pembe zote nne. Pembe ndizo wanazoruka.
3. Salio, baada ya kukagua. Pitisha mkono kila mahali. Tafuta malengelenge, sehemu nyembamba na kingo zilizoinuka. Hakikisha matundu ya kutolea maji hayajazibwa, ndoano zimerudi mahali pake na mlango wa nyuma unafunga. Uliza ni baada ya siku ngapi unaweza kubeba mzigo mzito, na uzihesabu siku hizo kwenye safari yako.

Fundi wa kazi safi hatakasirika kwa mpango huu. Muuzaji rasmi anaweza kukataa kugawa malipo kwa sababu ya taratibu zake. Basi angalau muombe picha za sakafu iliyoandaliwa na masharti ya dhamana kwa maandishi kabla ya kulipa.

Ukilipa kwa simu, fanya hivi

Lipa biashara, si mtu. Tumia namba ya Till au Paybill ya biashara. Ukiambiwa "Till imesumbua leo, tuma kwa namba yangu", hiyo ni alama ya kusimama. Huenda ni kweli, lakini ushahidi wako unabadilika: badala ya kuonyesha ulilipa gereji, utaonyesha ulimtumia mtu fulani pesa.

Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Jina likitokea na si lile lililo kwenye ankara, katiza. Kuuliza hakugharimu.

Ujumbe wa malipo si mkataba. Unathibitisha kwamba pesa ilitoka, siku gani, na ilienda kwa nani. Hausemi mlikubaliana nini. Omba karatasi yenye aina ya kemikali, unene, sehemu zitakazofunikwa, masharti ya dhamana na namba ya chasi ya gari. Andika kodi za miamala yote mitatu kwenye karatasi hiyo, kisha uipige picha.

Usifute ujumbe. Simu ikipotea unaweza kuomba taarifa ya akaunti, lakini ujumbe wenyewe ni wa haraka zaidi. Mkikosa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na karatasi iliyosainiwa pamoja na kodi za miamala vina uzito kuliko maneno matupu.

Kama pikapu ni ya biashara, omba ankara ya eTIMS. Bila hiyo, KRA inaweza kukataa kuhesabu gharama hiyo unapowasilisha kodi. Gereji iliyo na eTIMS pia ni rahisi kuipata tena.

Weka pesa mapema, kidogo kidogo. Wakala wa Loki au Kakuma anaweza kukosa float ya kiasi kikubwa siku moja unayoihitaji. Kuweka kidogo kila siku ya soko kunakuepusha na hilo. Pia kunakuepusha kubeba pesa taslimu kwenye barabara inayopita Kainuk, na wasafiri wa njia hiyo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Usipulize gari kwa mkopo wa siku chache. Mkopo wa kupita salio hukatwa pesa ya kwanza inayoingia. Kama hiyo pesa ilikuwa ya kununua mzigo, gari litakuwa na laina nzuri na halina cha kubeba. Laina inaweza kusubiri mwezi mmoja. Ukiona mkwaruzo leo, paka praima kidogo upate nafasi ya kuweka akiba.

Umekosea namba? Ripoti mara moja kupitia njia rasmi. Pesa ikishatolewa na mpokeaji, kuirudisha kunakuwa kugumu. Na yeyote anayekupigia akidai "anakusaidia kurudisha" huku akitaka PIN yako ni tapeli.

Na kama pikapu ni nzee?

Tuseme ni ya mkono wa pili, labda ilinunuliwa kwenye mnada wa shirika, na sakafu ina mashimo ya kutu. Hapa muuzaji rasmi hana nafasi, na hata gereji ya nje inaweza kukuuzia kitu usichohitaji. Laina haitibu kutu, inaificha tu. Kwanza mchomeleaji azibe mashimo. Baada ya hapo, fundi wa karibu mwenye kompresa na kifurushi cha chupa anaweza kukufanyia kazi ya kuridhisha, mradi asimamiwe kwenye msasa. Au weka mkeka mzito wa mpira ambao utautoa kila wiki, ufagie mchanga na uache bati likauke. Haupendezi kama laina, lakini unaona kinachoendelea chini yake.

Kwa ufupi

Kati ya muuzaji rasmi na gereji ya nje, hakuna mshindi wa kila siku. Gari jipya, dhamana nzito ya bodi na mkopo wa benki vinaelekea kwa muuzaji rasmi. Fundi anayejulikana, kazi ya zamani unayoweza kuiona na bei nafuu vinaelekea kwa gereji ya nje. Ukibaki njia panda, mchague yule atakayekubali uione sakafu ikiwa tupu kabla hajaifunika, na aandike alichokuahidi.

Pesa ikitoka kwa mkupuo mmoja, nguvu yako ya kuongea inatoka nayo. Ikitoka kwa hatua, fundi naye ana sababu ya kumaliza vizuri.

Na kama kawaida: PIN yako ni yako peke yako. Usimpe fundi, usimpe muuzaji, usimpe wakala, wala mtu anayesema anapiga simu kutoka kwetu. Safari njema, na mzigo mwema.